Samadi: Ni Nani wa Kulaumiwa?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi mwenzenu nimevuliwa nguo, tena na mama yangu mzazi, na leo nimekuja mbele yenu kuchutama.

Wengi wenu mnakumbuka mjadala wa chama chetu wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa: "Samadi ni bora kuliko mbolea ya dukani." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Nilipiga meza, nikatupa methali huku na kule, kisha nikamaliza kwa kusema ati wakulima wa huku kwetu Vihiga hawatumii samadi kwa sababu mbili tu: ujinga na uvivu. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Tukashinda. Nilirudi bwenini kifua mbele kama jogoo wa shamba aliyewika mjini.

Likizo ya Agosti ilipofika nilimkuta mama akitayarisha shamba kwa ajili ya mvua ya vuli. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu yangu. Nikamwambia, "Mama, msimu huu tuachane na mambo ya DAP. Tutumie samadi."

Mama aliweka jembe chini, akanitazama kutoka utosini hadi unyayoni. "Samadi ya ng'ombe gani, baba?"

"Si ya... " Nikanyamaza. Nilikuwa nimesahau.

"Kwani wewe unafikiri ile karo yako ya Kidato cha Kwanza ililipwa na majani?" akaniuliza, akaokota jembe lake akaendelea kulima.

Jamani, siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza, nikitazama na kusikiliza. Nimeona kwamba mkulima anayekosa kutia samadi mara nyingi si mjinga wala si mvivu. Amepiga hesabu yake vizuri kuliko sisi tulivyoipiga ukumbini. Kwa hivyo nafuta kauli yangu, nami naomba kueleza kwa nini.

Kwanza kabisa, samadi haishuki kutoka mbinguni. Hutoka kwa mifugo, na mifugo ni mali. Mwenye ng'ombe watatu ana samadi, mwenye mmoja ana kidogo, na asiye na kitu ana mikono mitupu. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba katika Vihiga tumebanana zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu liligawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, na sasa familia nyingi zina kipande kisichotimia ekari moja. Kipande hicho hicho ndicho cha nyumba, mahindi, maharagwe, migomba na makaburi. Hizo nyasi za nepia za kumlisha ng'ombe zitapandwa wapi? Ndiyo maana utaona ng'ombe wamefungwa kando ya barabara mchana kutwa, na samadi yao ya mchana ikabaki huko huko barabarani.

Tena ng'ombe huyo ndiye benki ya mkulima. Mtu akilazwa hospitalini, ng'ombe huuzwa. Kukiwa na matanga, ng'ombe huchinjwa. Mtoto akiitwa shule ya upili, ng'ombe huenda sokoni. Mwenzangu unayesoma jarida hili, hebu jiulize ni wangapi kati yetu wanakalia madawati haya kwa nguvu za ng'ombe. Sisi tulipata shule, shamba likakosa samadi. Halafu tunasimama ukumbini na kuwaita wazazi wetu wajinga!

Pili, kuna suala la mikono. Hebu tupige hesabu kidogo, maana hesabu haina upendeleo. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 18, yaani kilo 9. Samadi kavu ya mkulima mdogo ina nitrojeni kama asilimia 1 hivi. Ili upate zile kilo 9, itakubidi uwe na kilo 900 za samadi, yaani magunia 18 ya kilo 50. Na hapo sijataja fosforasi, ambayo ndiyo nyingi zaidi katika DAP. Sasa mfuko wa DAP huletwa na bodaboda mara moja tu, ukatuliwa mlangoni. Yale magunia 18 ya samadi huletwa na nani? Huletwa na mama, kwa karai, kichwani, akipanda kilima, kisha akirudi kuchukua lingine. Mwenye wilbaro ana bahati, na mwenye wilbaro yenye gurudumu zima ana bahati zaidi.

Kazi haiishii hapo. Wakati wa kupanda, DAP hupimwa kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja kwa kila shimo. Samadi ni konzi mbili kwa kila shimo. Agosti hiyo hiyo jirani alitupa madebe machache ya samadi, nami nikasema nitaonyesha mfano. Baada ya mistari minne mgongo ulikataa kunyooka. Mama alikuwa mstari wa tisa.

Mtauliza, wanaume wako wapi? Baba yangu yuko Nairobi akitafuta riziki, kama walivyo baba za wengi wenu. Sisi wavulana tuko shuleni, na wakubwa wetu wako kwenye bodaboda. Lakini tusidanganyane, kuna jambo jingine: haya. Kubeba samadi kumefanywa kuwa kazi ya akina mama na ya watu waliokosa kazi. Nikiri hapa hapa kwamba mwaka uliotangulia nikiwa nimebeba karai la samadi niliwaona wasichana wawili wa shule jirani wakija njiani. Nililitupa karai kichakani, nikasimama pale nikijifanya natazama ndege. Je, huo ulikuwa ujinga wa mama yangu au wangu?

Tatu, na hili ndilo lililoniuma zaidi, ni shamba lenyewe. Kwa kuwa kipande chetu ni kidogo, mama hukodi nusu ekari kwa mtu. Miaka michache iliyopita, ng'ombe wetu akiwa bado yupo, mama alibeba samadi misimu miwili mfululizo mpaka kwenye shamba hilo la kukodi. Lilikuwa shamba lililochoka, limejaa kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Msimu wa kwanza mavuno yaliongezeka kidogo tu. Msimu wa pili mahindi yalisimama kijani kibichi mpaka wapita njia wakawa wanauliza ni mbegu gani. Msimu wa tatu ulipokaribia, mwenye shamba alikuja na maneno mafupi: analitaka shamba lake, mwanawe atalima.

Mama aliniambia, "Nilinenepesha ng'ombe wa mtu, mwenyewe akaja kumchukua."

Hebu tazameni vile samadi inavyofanya kazi. Haitoi chakula chake chote kwa mahindi msimu ule ule. Hutoa kidogo kidogo, na faida yake huendelea misimu kadhaa. Kwa mwenye shamba lake hiyo ni akiba. Kwa mwenye kukodi msimu kwa msimu, hiyo ni zawadi anayompa mtu mwingine. DAP hutiwa leo na kuliwa na mahindi ya leo. Siku hizi katika shamba la kukodi mama hutia kizibo cha soda, basi. Samadi yoyote anayoipata huenda kwenye migomba na sukumawiki zilizo karibu na jiko. Ukitembea kijijini kwetu utaona hivyo hivyo kila boma: karibu na nyumba mimea imenawiri, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo mahindi yanavyogeuka rangi ya njano. Si kwamba watu hawajui. Kila mtu hutia mali yake mahali atakapoivuna mwenyewe.

Akina mama wana mzigo zaidi hapo. Katiba ya mwaka wa 2010 inasema ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi ukomeshwe, uwe wa sheria au wa mila. Maneno hayo ni matamu. Lakini katika nyumba nyingi anayebeba samadi ni mama, na anayeamua kama shamba litauzwa, litakodishwa au litapandwa mikaratusi ni mwingine. Ng'ombe pia ni hivyo. Anayemkatia nyasi si yule anayekubaliana bei na mnunuzi.

Nne ni pesa na wakati wake. Kuna watu wanaonunua samadi. Malori huitoa katika maboma ya Wamaasai kule Kajiado na kuipeleka Kiambu na sehemu nyingine za mlimani. Huko mkulima ana kahawa au mboga za kuuza Nairobi, na mboga zinamrudishia pesa zake. Kwetu sisi tunaolima mahindi ya kula wenyewe, pesa ya kununua pikapu nzima ya samadi itatoka wapi? Sufuria haitoi risiti. Na pesa hizo zinatakiwa kabla ya kupanda, wakati ghala limekwisha na shule zinadai karo.

Msije mkadhani kwamba mbolea ya dukani ni rahisi pia. Mwaka wa 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP ilipita shilingi 6,000. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ikaanza kuuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500, na mwaka wa 2023 ikateremsha hadi 2,500. Hapo wakulima wengi walipumua. Lakini mwaka wa 2024 taifa zima lilisikia habari za mbolea bandia iliyouziwa wakulima katika mpango huo huo. Kwa hivyo mkulima wetu yuko katikati, huku moto, kule maji.

Tano ni maarifa. Hapa sitaki kudanganya, kwa sababu kosa langu la kwanza lilikuwa kusema jambo nusu. Kuna wenye ng'ombe wawili ambao samadi yao huanikwa juani mpaka nitrojeni ikatoroka hewani, kisha mvua ikaja kuosha iliyobaki hadi mtoni. Kuna wanaotia samadi mbichi, ikachoma miche na kuleta magugu na wadudu, ndipo wakaapa kutoigusa tena. Wazee wa kwetu husimulia jinsi afisa wa kilimo alivyokuwa akifika mpaka shambani kwa mguu. Siku hizi maafisa wa nyanjani ni wachache, na yule mmoja aliyepo ana vijiji vingi mno. Mtu ambaye hajafundishwa hawezi kuitwa mjinga na yule ambaye hakwenda kumfundisha.

Sasa niwarudie wapinzani wangu wa siku ile, ambao tuliwazomea bure. Nao walikuwa na ukweli wao. Katika shamba la majaribio la Kabete kuna jaribio lililoanzishwa mwaka wa 1976, na matokeo yake kwa miaka mingi yameonyesha kwamba samadi na mbolea ya viwandani zikitiwa pamoja hushinda ile ya viwandani ikitiwa peke yake. DAP ikitiwa mwaka baada ya mwaka bila kitu kingine huongeza asidi katika udongo. Samadi huufanya udongo ushike maji na upate uhai. Lakini samadi kidogo peke yake haishibishi shamba lililochoka. Kwa hivyo hoja yetu yenyewe ilikuwa na kasoro. Tulishindanisha ndugu wawili wanaopaswa kufanya kazi pamoja, na swali lililotupita lilikuwa: ni nani anayeweza kupata samadi, na ni nani asiyeweza, na kwa nini?

Huenda mtu akasema, "Basi umetuonyesha matatizo tu, kwa hivyo haiwezekani." La hasha! Tutoke Vihiga kidogo twende Machakos. Katika miaka ya 1930 vilima vya Ukambani vilikuwa vimemomonyoka vibaya. Serikali ya kikoloni ikawalaumu wenyeji kwa kufuga ng'ombe wengi, ikaanza kuwanyang'anya kwa nguvu. Mwaka wa 1938 Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi kupinga, naye akahamishiwa Lamu. Hivyo lawama na amri hazikuleta rutuba.

Lakini kufikia mwaka wa 1990, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, vilima vingi vilikuwa na matuta, na samadi ya maboma ilikuwa ikitiwa mashambani. Kulitokea nini? Watu walikuwa na uhakika wa mashamba yao. Walikuwa na kahawa, matunda na mboga za kuuza, na soko la Nairobi halikuwa mbali. Tena walikuwa na mwethya, vile vikundi vya kusaidiana kazi ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa akina mama. Uhakika wa shamba, pesa ya mazao na mikono mingi: mambo yale yale matatu ambayo mama yangu anayakosa.

Kwa hivyo napendekeza haya. Wanaokodisha mashamba na wanaokodi waandikiane mkataba wa miaka mitatu au zaidi mbele ya mzee wa kijiji, ili anayetia samadi aivune. Vyama vya akina mama, ambavyo tayari vinazungusha pesa, vizungushe na mikono pia: wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka kila shamba lipate karai zake. Asiye na ng'ombe atumie tithonia, yale maua ya njano yanayoota kwenye nyua zetu zote. Majani yake yana nitrojeni nyingi, na yamefanyiwa majaribio hapa karibu Maseno tangu miaka ya 1990. Kazi ya kuyakata ipo, sikatai, lakini karo haiwezi kuyapeleka sokoni.

Nasi hapa shuleni je? Nyuma ya jiko letu kila siku hutupwa mabaki ya kabichi, mabua ya sukumawiki na majivu, kisha yote huchomwa moto. Jiko hilo hulisha mamia ya wanafunzi. Naomba chama chetu kishirikiane na Chama cha Wakulima Chipukizi tuchimbe mashimo manne ya mboji. Mboji ikiiva katika muda wa miezi mitatu hivi, kila mwisho wa muhula magunia yagawiwe familia zilizo karibu na shule. Na magunia ya kwanza, kwa maoni yangu, yaende kwa zile zilizouza ng'ombe ili mtoto asome. Shule ilikula ng'ombe wao. Si vibaya irudishe mboji.

La mwisho ni kwetu sisi wavulana. Likizo ijayo karai la samadi liwe juu ya vichwa vyetu, si juu ya vichwa vya mama zetu. Wasichana wa shule jirani wakipita, tuwasalimie vizuri na tuendelee na safari. Harufu huisha kwa maji na sabuni.

Ndugu mwenyekiti wa chama, katika kumbukumbu za ule mjadala tafadhali andika kwamba msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono ameondoa maneno mawili, "ujinga" na "uvivu." Mama yangu hasomi jarida hili, lakini nimemwahidi kwamba nitayaondoa mbele ya watu wale wale walionipigia makofi.